Gia za Kurudisha

Fundi aliitoa klachi ya gari langu, akailaza juu ya gunia kuukuu, akaniita nije nijionee. Ilikuwa imeungua. Harufu yake naijua tangu nikiwa na miaka saba, harufu chungu ya kitu kilichosuguliwa mpaka kikashindwa, ambayo hukaa kooni kuliko puani. Fundi mwenyewe alikuwa kijana, na alikuwa na maringo kidogo ya mtu anayejua kazi yake. "Madam, hii gari huendeshwa na nani?" Nikamwambia ni mimi. "Basi mguu yako haitokangi kwa klachi. Ukipunguza, klachi. Ukiona bump, klachi. Ukiona mtu unajua, klachi." Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu ni kweli. Jioni nikitoka kazini hapa Eldoret, magari yakiwa yamebanana, mguu wangu wa kushoto hujilaza pale pale na kusahau kuondoka. Lakini moyoni nilisikia aibu ambayo fundi yule hangeielewa. Mimi ni binti wa watu wawili waliokula na kulala kwa sababu ya klachi, na kuna Jumamosi moja ambapo klachi nusura itutoe nyumbani.

Wazazi wangu walihamia upande huu kutoka Bungoma kabla sijazaliwa, kutafuta kazi kwenye mashamba ya mahindi. Baba alipata kazi ya udereva katika shamba moja la Moiben, la mzee mmoja wa huko ambaye hatukuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Mzee tu, kwa wafanyakazi, kwa mke wake, nadhani hata kwa ng'ombe wake. Kila asubuhi Baba alipakia madebe ya maziwa kwenye pikapu na kuyapeleka mjini Eldoret. Kwa kazi hiyo tulipewa nyumba ya vyumba viwili vya mbao kando ya ghala, yenye sakafu ya simiti nyekundu ambayo Mama aliipaka rangi mpaka ikateleza, ikawa hatari kwa mtu mwenye soksi. Nyumba ile ilikuwa ya dereva. Haikuwa yetu, na hilo nililijua hata mimi. Dereva aliyekuwepo kabla yetu alipoanza kusumbuliwa na macho, alifungasha na kuondoka ndani ya wiki moja, na mstari wa penseli aliokuwa akimpimia mwanawe urefu ulibaki mlangoni kwetu. Mama hakuufuta. Alinipimia mimi juu yake.

Shule yangu ilikuwa njiani, kwa hiyo kila asubuhi nilipanda pikapu. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, na mahali pangu palikuwa katikati, rungu la gia likiwa baina ya magoti yangu. Kichwa chake cheusi kilikuwa kimelika hadi namba zote zikafutika. "Toa goti, Nafula," Baba alikuwa akisema kabla ya kuingiza gia ya pili, na mimi nilitoa goti kwa madaha kama mtu mwenye cheo. Mle ndani mlinuka maziwa, dizeli na gambuti za Baba. Jumamosi Mama naye alikuja, akakaa dirishani, kabichi zake za kuuza zikiwa nyuma pamoja na madebe.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo hakuna habari. Madereva wa kwetu wakitaka kushuka kutoka gia ya juu kwenda ya chini, wanasema wanarudisha. Rudisha tatu. Rudisha mbili. Mimi nyumbani neno hilo nililijua kwa maana moja peke yake. Mama hakuwa na mzaha na vitu vya watu. Ukiazima chungio kwa jirani, linarudishwa siku hiyo hiyo, tena likiwa limeoshwa. "Rudisha sufuria ya watu," ndivyo alivyonituma kila mara, na ole wangu niwe nimesimama kucheza njiani. Kwa hiyo niliposikia gia zinarudishwa, nilielewa vizuri kabisa. Gari lilikuwa la Mzee, na gia zilikuwa zake. Dereva anaazimwa gia nne asubuhi, anazitumia moja moja, na akikaribia kusimama anazirudisha moja moja. Dereva mwaminifu ni yule asiyefika nyumbani na gia ya mtu.

Na Baba hakuwa akirudisha. Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa ukidunda kila asubuhi. Kulikuwa na mteremko mrefu wa kwenda darajani, na tukifika juu yake Baba alikuwa akilitoa rungu kwenye gia ya nne, akaliacha katikati likining'inia, akalitikisa kwa vidole viwili kunionyesha kwamba halina kazi. "Sasa tunaenda free," alikuwa akiniambia. Injini ilinyamaza, upepo ukasikika, madebe yakaacha kutetemeka. Ilikuwa raha, siwezi kukataa. Lakini free nayo nilikuwa nikiijua. Free ni kile kipande cha sabuni kinachofungwa pamoja na sabuni kubwa, ni chai ya kanisani baada ya ibada. Free ni kupewa bure. Baba yangu alikuwa amechukua gia nne za Mzee, hakurudisha hata moja, na bado anataka ya bure. Chini ya mteremko alikanyaga breki, mimi nikafumba macho na kumwombea msamaha.

Ukweli niliupata nikiwa mtu mzima, nao ni huu. Goti la kushoto la Baba lilikuwa limeharibika. Klachi ya pikapu ile ilikuwa ngumu, na kila akiikanyaga maumivu yalimpanda hadi kiunoni. Kurudisha gia vizuri katika mteremko mmoja ni klachi mara mbili au tatu. Kwenda free ni klachi mara moja. Basi alikuwa akijipunguzia, akiacha breki zibebe uzito wote wa gari na maziwa, huku akiniambia mimi ni raha. Hakumwambia mtu ila Mama. Dereva aliyetangulia alikuwa amesema ukweli kuhusu macho yake, na sisi ndio tuliokuwa tukilala chumbani mwake.

Jioni Mama alimkanda goti kwa taulo la maji moto yenye chumvi. Nilipouliza, niliambiwa ni gambuti zimembana. Kwa hiyo niliichukua gambuti ya kushoto na kuificha nyuma ya banda la kuku, nikidhani nimemwokoa. Asubuhi Baba alizunguka boma zima akiwa na gambuti moja na ndara moja, akanung'unika, akaenda mjini hivyo hivyo. Mama aliipata mchana alipokwenda kutafuta mayai. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye ngazi akacheka, halafu akaacha kucheka ghafla na kuniambia nikanawe mikono.

Ni yeye aliyeanza habari ya kujifunza gari. Alisema amechoka kungoja kubebwa na kabichi zake. Baba alishangaa, kisha akafurahi, na baada ya hapo kila Jumapili tukitoka kanisani tuliingia kwenye barabara ya ndani ya shamba, Mama kwenye usukani bado amevaa kitambaa cha kanisa kichwani, mimi katikati, Baba dirishani. Sijawahi kumsikia mtu akifundisha vizuri vile. "Ukitaka kupunguza, usikimbilie klachi," alikuwa akimwambia. "Wewe gusa brake kwanza. Wacha engine ikushikie gari. Skiza sauti. Ikishuka hivi, sasa klachi, rudisha tatu, wachilia pole pole. Usiruke. Tena brake kidogo. Sasa mbili." Mama alikuwa akiyarudia maneno hayo midomo ikicheza bila sauti. Wiki za kwanza gia zililia hadi ng'ombe wakainua vichwa. Baadaye zikanyamaza. Ikafika siku Mama alishuka kutoka nne hadi mbili na mwili wangu haukuinama mbele hata kidogo, na Baba akamtazama kwa namna iliyonifanya nitazame pembeni.

Mimi nilikuwa nikijisemea: anajua. Anajua gia ni za kurudishwa, anamfundisha mwenzake arudishe, ila yeye mwenyewe ameshindwa na tamaa. Nilimhurumia sana.

Kisha breki zikaisha tena. Zilikuwa zimebadilishwa si muda mrefu, na Mzee alikuja akasimama mbele ya ghala, mikono nyuma, akiangalia magurudumu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwa akipaza sauti, jambo lililowafanya watu wamwogope zaidi. "Dereva, hii gari inakula brake namna gani?" aliuliza.

"Ni mzigo, Mzee," Baba akajibu. "Na barabara."

"Barabara ni ile ile. Mzigo ni ule ule." Akafikiri. "Zibadilishwe. Halafu Jumamosi nitaenda na nyinyi."

Ijumaa jioni tulikula ugali na mboga za kienyeji. Nilipotumwa kumwaga maji ya kunawa, niliwasikia kupitia mlango. Mama alisema, "Mwambie tu, Baba Nafula. Yeye pia ni mtu." Baba akajibu, "Nikimwambia leo, Jumatatu tunabeba vitanda." Nilisimama nje na karai mkononi, na kila kitu kikanyooka kichwani mwangu. Baba alitaka kuungama. Alikuwa akiogopa tu. Katika shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba ukiungama unakuwa mwepesi, na mwenye mali akisikia umekiri, anakusamehe. Nililala nikiwa nimeamua kumsaidia.

Asubuhi Mzee alikaa dirishani, kofia yake ya sufu kichwani. Mama akapanda nyuma na kukaa juu ya gunia katikati ya madebe na kabichi. Mimi nilikuwa mahali pangu. Baba aliendesha akiwa amenyooka kupita kiasi, na kwenye bonde dogo la kwanza nilimwona akirudisha tatu, jasho likimtoka kwenye paji la uso ingawa baridi ya Moiben asubuhi si ya mchezo. Nikaona hapa ndipo, moyo wake umelainika.

"Mzee," nikasema, "Baba anataka kukuambia kitu."

Baba akageuza kichwa. Sijawahi kuusahau uso ule.

"Kitu gani?" Mzee akauliza.

"Huwa harudishi gia. Anachukuanga za free. Lakini atarudisha."

 Mzee alikuwa ameendesha trekta miaka mingi kabla ya kuajiri watu, na hakuhitaji kuelezwa. "Kwa mteremko? Anaenda free kwa mteremko?"

"Kila siku," nikasema, nikiwa nimejaa amani.

Mzee hakugomba. Alitazama mbele tu. "Haya. Daraja ndio ile inakuja. Rudisha, nione."

Baba alirudisha. Juu ya mteremko aligusa breki, akasubiri sauti, akakanyaga klachi, akarudisha tatu. Taya lake lilikuwa limekaza na nilisikia pumzi ikimtoka puani. Chini kidogo akarudisha mbili, na gari likashuka likishikwa na injini, likiunguruma, madebe yametulia, yote sawasawa kama alivyokuwa akimfundisha Mama. Nilipiga makofi. "Amerudisha tatu," nikatangaza, na baadaye, "Amerudisha mbili." Nilikuwa nikihesabu kwa sauti, Mzee asije akakosa kuona. Kisha tukapanda upande wa pili, na kwenye kona akarudisha tena, na kwenye matuta ya kwanza tena. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mimi nikamshika mkono wa shati kwa sababu nilidhani ni machozi ya mtu aliyesamehewa.

Harufu ilianza kwenye matuta ya pili. Mguu haukuwa ukiifikisha klachi chini tena, ilikuwa ikisuguana nusu nusu, na ile harufu chungu ikajaa ndani, ikanikaba koo. Mzee akashusha kioo. Tulipofika mahali pa maduka, Baba aliegesha pembeni, na mguu wake ukatoka wenyewe kwenye klachi. Gari liliruka mbele na kuzima. Madebe yaligongana huko nyuma, na nikamsikia Mama akiita, "Baba Nafula?"

"Washa twende," Mzee akasema.

Baba aliweka mkono chini ya paja lake, akaunyanyua mguu kama anavyonyanyua gunia, akauweka juu ya klachi. Ukateleza na kuanguka. Akaunyanyua tena. Ukaanguka tena, na sasa Mzee alikuwa akitazama mguu, si barabara.

"Hiyo mguu iko na nini?"

 Mlango wake ulifunguliwa kutoka nje, na pale alisimama Mama na majani ya kabichi kwenye sketi. "Songa, Baba Nafula," alisema.

Mzee akainama mbele ili amwone vizuri. "Mama Nafula, wewe unajua gari?"

 Ni Baba aliyejibu, macho yake kwenye usukani. "Anajua, Mzee. Anarudisha zote."

"Na leseni?"

Baba alifungua mdomo, nami nikajua anataka kusema hana. Lakini Mama alikuwa ameshafungua fundo kwenye ncha ya leso yake, na ndani kulikuwa na kitabu kidogo chekundu, kipya, hakijapata hata mkunjo. Jumamosi zile tulizokuwa tukimwacha sokoni, kabichi zilikuwa zikiuzwa na mwenzake huku yeye akifanya mtihani. Baba alikichukua, akasoma jina, akageuza ukurasa, akarudi kulisoma jina tena. Halafu akaanza kujivuta kwenda upande wa dirisha, kiganja baada ya kiganja. Kwa sababu hakuwa na mguu wa kupandia nyuma, Mzee ndiye aliyeshuka. Mwenye shamba, mwenye gari na mwenye gia zote alipanda nyuma kwenye kabichi, akashikilia kofia yake, na tukaenda mjini.

Mama aliendesha vizuri. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mama yangu, nasema kwa kuwa nilikuwa nimekaa hapo. Kwenye kila bonde alirudisha, na Baba hakumwelekeza hata kwa neno moja. Tulipomaliza kushusha maziwa Eldoret, Mzee alikuja akasimama mlangoni kwa Mama akijipangusa vumbi. "Jumatatu dereva ni wewe," alimwambia. "Na nyumba ni ya dereva." Kisha akazunguka upande wa Baba. "Wewe utakuwa unapokea maziwa pale gate. Na huo mguu uende hospitali."

Mama aliendesha pikapu ile mpaka ikachakaa, akaendesha na nyingine iliyoifuata. Baba alipokea maziwa langoni, akawa hodari wa kutambua yaliyotiwa maji kwa kuyatazama tu, akapata marafiki wengi na maadui kadhaa. Mimi nilikua nikijua kwa uhakika kabisa kwamba nilimwokoa baba yangu na wizi, na nilikuwa nikijipongeza kimoyomoyo. Nilipokuwa na zaidi ya miaka ishirini, siku yangu ya kwanza ya kujifunza gari, mwalimu aliniambia, "Weka free, halafu uwashe." Nikalitoa rungu kwenye gia. Likaning'inia katikati. Nilikaa pale mkono ukiwa juu yake, nikayaona yote upya, taulo, gambuti, jasho lile la kwenye baridi, na nikalia mpaka mwalimu akaniuliza kama nina msiba.

Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza Baba hadi juzi juzi, siku niliyokwenda kumtoa hospitalini baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Mama alikuwa kiti cha nyuma, amelala. Baba alikuwa kando yangu, mguu umenyooshwa, akinisikiliza ninavyoendesha na kujizuia asiseme kitu. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakumwambia Mzee kwamba anaumia. Angesema neno moja tu pale juu ya mteremko. Siri ilikuwa imeshatoka hata hivyo.

Alifikiri mpaka tukapita mzunguko wa barabara.

"Mzee ningemwambia," alisema. "Kama ni kufukuzwa, anifukuze tu. Lakini wewe ulikuwa umekaa hapo katikati, na ulikuwa umesema nitarudisha."